"Futa" yenu inafuta nini?

Kwa: Mkurugenzi wa Bidhaa
Nakala: Kitengo cha Huduma kwa Wateja

YAH: KUPOTEA KWA KAZI YANGU BAADA YA TOLEO JIPYA LA PROGRAMU YENU YA KUCHORA

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii. Kitengo chenu cha huduma kwa wateja kimenijibu mara mbili kwa maneno yaleyale: "Hili ni kosa la mtumiaji, tafadhali soma ujumbe kabla ya kubonyeza." Nimeona basi nije kwako wewe unayeamua kitufe gani kikae wapi.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu, mwaka wa tatu, na nimeilipia programu yenu tangu mwaka wa kwanza. Siandiki kwa chuki. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu wanne waihamie, na siku hizi wananitazama kwa jicho la pembeni.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika toleo la zamani, chini kulia mwa skrini ya tableti, pale kidole gumba kinapokaa bila kuambiwa, palikuwa na kifutio kilichoandikwa "Futa". Unachagua kipande cha mchoro, unagusa "Futa", programu inauliza "Futa?", unagusa "Sawa", kipande kinaondoka. Nimefanya hivyo mara zisizo na idadi. Toleo jipya lilipokuja, kifutio mkakipeleka juu kushoto, kikawa aikoni tupu isiyo na neno. Pale chini kulia mkaweka kitufe cha kuondoa faili zima, nacho mkakiandika "Futa".

Usiku ule nilikuwa namalizia mradi wa mwisho wa muhula: kiolesura, yaani skrini na vitufe ambavyo mtu huendeshea programu, cha skrini kumi na nane, kazi ya wiki tatu. Kwenye skrini ya saba kulikuwa na mstari chini ya kichwa cha habari uliopinda kidogo, pengine hakuna ambaye angeuona zaidi yangu. Nikauchagua. Nikagusa "Futa". Programu ikauliza "Futa?" Nikasoma, nasisitiza kwamba nilisoma, nikajibu "Sawa", kwa kuwa nilitaka kufuta kweli. Ghafla mbele yangu ikawa orodha ya mafaili, na langu halimo. Nilidhani programu imejifunga tu. Nikaizima, nikaiwasha, nikaizima tena, kama mtu anayefungua na kufunga droo ileile akitafuta funguo.

Sasa naomba uniambie nilipaswa kusoma nini zaidi. Kwa Kiswahili mtu hufuta ubao, hufuta machozi, hufuta mstari, hufuta hata kesi mahakamani. Ukubwa wa jambo unajulikana kwa kinachofutwa, na hicho ndicho mlichokiacha nje. Nahisi, na hapa nakisia tu, kwamba mtafsiri wenu alipewa orodha ya maneno kwenye jedwali bila kuonyeshwa skrini hata moja. Kosa si lake. Ungeyaona hayahaya kwenye "Hifadhi", ambayo katika menyu moja ni kuhifadhi kazi, ni nafasi iliyobaki, na ni nakala rudufu. Lakini kilele cha yote ni pale mtu anapotaka kuacha kupakia picha katikati. Inatokea hii: "Je, una uhakika unataka kughairi?" na chini yake vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Mwenzangu mmoja aliitazama kwa muda, akaweka tableti mezani akasema, "Nimeshindwa, nawapa mji."

Mtu wenu wa huduma alinielekeza kwenye mstari ulio chini ya swali la kufuta, unaosema "Kitendo hiki hakitatenduliwa". Nimeutafuta kwa faili la majaribio nikaukuta, kijivu juu ya kijivu. Nikaupima: utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake ni 2.1 kwa 1, ilhali WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya kurasa za mtandaoni zitumike na watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida. Na hata ungesomeka vizuri, bado hautaji kwamba kinachoondoka ni faili.

Neno lililoniuma zaidi ni hilo "kosa la mtumiaji". Donald Norman, ambaye kila mwanafunzi wa fani hii huanza naye, ametenganisha tangu miaka ya 1980 kuteleza na kukosea. Anayekosea amedhamiria jambo lisilo sahihi; anayeteleza amedhamiria sawasawa, mkono ukaenda kwingine. Mtelezo huwapata zaidi wazoefu, kwa sababu mikono yao imeshajifunza njia na haiombi tena ruhusa. Nyinyi mmewatega wateja wenu wa zamani. Mgeni aliyeipakua programu jana yuko salama kuliko mimi. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wao hawakuwahi kutumia programu isiyo na "Tendua" kwenye mafaili.

Na swali la "Futa?" halizuii chochote. Mkimuuliza mtu jambo moja mara mia kwa siku, kufikia mara ya mia na moja jibu limeshakuwa sehemu ya mguso wenyewe: gusa, gusa, imekwisha. Mmenizoesha nyinyi wenyewe kusema "Sawa" kwa vipande vidogovidogo, kisha kwa swali lilelile mkachukua kazi nzima.

Kuna pia suala la mahali. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kitufe kikubwa kilicho karibu na kidole ndicho rahisi kuliko vyote kukigusa, kwa kutaka na kwa bahati mbaya. Nafasi hiyo mmeipa kazi ambayo mtu huifanya labda mara moja kwa mwezi. Kifutio kinachohitajika kila dakika kiko ncha ya pili ya skrini.

Sikutaka kutegemea hasira yangu peke yake. Niliwapa wale wenzangu wanne faili la majaribio, mmoja mmoja, nikawaomba waondoe mstari mmoja. Watatu waliondoa faili zima. Wa nne alisimamisha kidole hewani akaniuliza, "Hii inafuta nini?" Sikumjibu, maana ukipima kiolesura hutakiwi kumsaidia mtu, lakini nilitamani mngekuwepo.

Darasani tulijadili tukio la Hawaii la tarehe 13 Januari 2018, siku simu za watu zilipopokea onyo la kombora ambalo halikuwepo. Siwezi kufananisha mchoro wangu na hofu ya watu wale. Mengi yalisemwa kuhusu mtumishi aliyetuma onyo, alichodhani na alichobonyeza. Lililonikaa mimi ni kwamba ujumbe wa kusahihisha ulichukua dakika 38 kufika kwenye simu zilezile, kwa kuwa haukuwa umeandaliwa. Njia ya kwenda ilikuwepo tayari, ya kurudi ikabidi itengenezwe watu wakiwa tayari wamejificha. Mchoro wangu nao haukuwekewa njia ya kurudi.

Sikuwa na nakala mahali pengine. Hilo nalibeba.

Ninachoomba kwanza ni mtu wa ufundi atafute kama nakala ya faili langu bado ipo kwenye seva zenu. Namba ya akaunti na saa lilipofutika nimeziambatisha. Pili, kitufe kile kiondoke pale kilipo na kiandikwe "Futa faili", na swali litaje jina: "Futa faili la Mradi wa mwisho, lenye skrini 18?" Majibu yawe "Futa faili" na "Liache". Kwa vipande vya mchoro msiulize kabisa, wekeni tu "Tendua". Mafaili yaliyofutwa yapitie pipa la taka na kukaa humo siku 30 kabla ya kutoweka. Mtafsiri aonyeshwe skrini. Na yale majibu mawili niliyopewa nataka yabatilishwe kwa maandishi, kwa sababu mwalimu wangu anahitaji maelezo ya kuchelewa kwa mradi na sitampelekea karatasi inayosema nilizembea.

Nimeambatisha picha tano za skrini, za toleo la zamani na jipya zikiwa sambamba. Natuma kwa posta baada ya kujaribu fomu yenu ya maoni. Nilipofika herufi ya 500 ilikataa kuendelea, nikatafuta kitufe cha kurudi nyuma nipunguze maneno. Kilichokuwepo ni "Futa" tu. Sikukigusa.

Wako,
Mteja na mwanafunzi wa usanifu, mwaka wa tatu