Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Maikromita ya Mzee Wetu

Wazee wetu, akina mama wenye karakana, vijana wanagenzi na wanachama wote, hamjambo.

Hesabu za chama mtasomewa na mweka hazina, na nakala mmepewa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika yote isipokuwa wa Aprili, ambao mvua iliuvunja. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Nawashukuru maafisa wenzangu, hasa katibu, ambaye hajawahi kuchelewesha kumbukumbu za kikao hata kimoja. Yaliyobaki katika taarifa yangu ni jambo moja tu, nalo lilianzia matangani.

Mwezi wa Machi tulimzika mmoja wa wazee walioanzisha chama hiki. Alikuwa mkereza vyuma aliyefunzwa kazi katika karakana za reli, na wengi wetu tulishika kerezo, mashine inayozungusha chuma kikichongwa, kwa mara ya kwanza tukiwa tumesimama ubavuni pake. Wiki chache baada ya mazishi, wanawe waliuza kerezo lake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaeleza lilikuwa na thamani gani, na mzee mwenyewe hakuandika popote. Daftari la wateja wake halikupatikana. Maikromita yake, kile kifaa cha skrubu cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, nilikutana nayo katika soko la Gikomba, Nairobi, juu ya turubai, katikati ya spana na kufuli zisizo na funguo. Niliitambua kwa alama aliyoikwaruza mwenyewe ubavuni. Niliinunua papo hapo, na nakiri kwamba nilirudi nayo nyumbani nikiwa na machozi.

Kwenye chuma chake imeandikwa: The L.S. Starrett Co., Athol, Mass. U.S.A. Kijana mmoja anayejifunza kwangu akaniuliza, "Fundi, Athol ni wapi?" Nimevishika vifaa vyenye jina hilo tangu ujana wangu na sikuwa na jibu. Basi mwaka huu nimelitafuta, na ninaleta mbele yenu niliyoyapata, kwa sababu naamini yanatuhusu sisi wenye karakana za familia kuliko hotuba nyingi tunazosikia.

Laroy Sunderland Starrett alizaliwa mwaka 1836 katika mji mdogo unaoitwa China, jimbo la Maine, Marekani. Alilelewa shambani na akaendelea kuwa mkulima hata alipokuwa mtu mzima. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, aliyoipata mwaka 1865 ilikuwa ya mashine ya kukatakata nyama. Wenzetu wa Kariobangi mnaounda mashine za kukatia majani ya ng'ombe, hapo ndipo alipoanzia mtu huyu: shida ya nyumbani na shambani, bati, chuma na mkono wake. Mwaka 1868 alihamia Athol, Massachusetts, ambako kulikuwa na kampuni iliyoundwa ili kutengeneza mashine zake. Baadaye yeye na kampuni hiyo wakaachana. Mwaka 1905 alirudi akainunua.

Kilichomfanya ajulikane ni kifaa ambacho nina hakika kiko katika karakana ya kila mmoja wenu: skwea, yaani kipima pembe, yenye rula inayoteleza. Kabla yake fundi alihitaji skwea kadhaa, kila moja na urefu wake, rula ikiwa imekazwa isisogee. Starrett alichukua rula ya chuma, akaichonga mfereji kwa urefu wake, akatengeneza kichwa kinachoteleza juu ya mfereji huo na kukazwa kwa skrubu popote unapotaka. Upande mmoja unapata nyuzi 90, upande wa pili nyuzi 45. Ukitoa kichwa hicho na kuweka kingine, unapata katikati ya nondo ya mviringo bila kubahatisha. Unapima kina, unapima kimo, unachora mistari sambamba. Aliipatia hataza mwaka 1879, na mwaka uliofuata, 1880, akafungua kampuni yake. Mafundi wa Kamukunji wanaokata bati za masanduku ya shule wanaitumia skwea hiyo leo kwa namna ile ile.

Maikromita haikuwa uvumbuzi wake, na ni haki niseme hivyo. Mfaransa Jean Laurent Palmer aliipatia hataza mwaka 1848. Mwaka 1867 Joseph Brown na Lucian Sharpe, Wamarekani kutoka mji wa Providence, waliiona katika maonyesho makubwa ya Paris, wakarudi nyumbani na kuanza kutengeneza ya kwao. Kampuni ya Brown nayo ilikuwa ya familia, iliyoanzishwa na baba na mwana mwaka 1833. Starrett alikuja baada yao, akaiboresha na kuisambaza.

Naomba nikae kidogo kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu nimegundua kwamba vijana wetu wengi hawawezi kuisoma maikromita ya mzee. Ni ya inchi. Skrubu yake ina nyuzi 40, yaani meno yanayoizunguka, katika kila inchi, kwa hiyo ukizungusha kikombe, ile sehemu yenye mistari inayoshikwa kwa vidole, mzunguko mmoja, kinasogea sehemu moja ya arobaini ya inchi. Kikombe kimegawanywa mara 25. Arobaini mara ishirini na tano ni elfu moja, na ndiyo maana mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Zile za milimita tunazonunua siku hizi husogea nusu milimita kwa mzunguko, na kikombe kina mistari 50, hivyo mstari mmoja ni sehemu moja ya mia ya milimita. Akili ni ile ile: skrubu inageuza mzunguko mkubwa wa kidole kuwa mwendo mdogo wa chuma. Mtu akishaelewa hivyo, haijalishi anapewa maikromita ipi.

Na kuna jambo ambalo mzee alilisema kila siku nasi tukalichukulia kama mazoea ya uzee: usipime chuma cha moto. Vipimo vya viwandani duniani kote huhesabiwa katika nyuzi 20 za selisiasi. Shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 100, ukiipima ikiwa na joto la nyuzi 50, imeshavimba zaidi ya sehemu tatu za mia za milimita. Utaikereza ifikie kipimo, itapoa, na beringi itacheza. Mteja atarudi akiwa na hasira, nawe utadhani ulikosea hesabu. Asubuhi za Nairobi ziko karibu na nyuzi hizo ishirini. Saa nane mchana chini ya mabati, haziko hata kidogo. Mzee alipima kazi zake za mwisho kabla ya saa tatu asubuhi, na sasa tunajua kwa nini.

Nirudi kwa familia ya Starrett. Mwanzilishi alifariki mwaka 1922, lakini kampuni haikwenda naye kaburini. Ilifungua kiwanda Brazil katika miaka ya 1950, na kingine Jedburgh, Uskoti, katika muongo huo huo. Hisa zake ziliuzwa kwa umma katika soko la hisa la New York, na bado familia haikupoteza usukani. Walikuwa na hisa za aina mbili. Moja ilikuwa na kura moja, nyingine kura kumi, na aliyetaka kuuza zile za kura kumi nje ya familia ilimbidi kwanza azigeuze ziwe za kawaida. Yote hayo yaliandikwa, yakasainiwa, yakajulikana na kila mtu mapema.

Mwaka 2024, miaka 144 baada ya kuanzishwa, kampuni iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji inayoitwa MiddleGround Capital. Aliyekuwa akiiongoza siku hiyo alikuwa bado Starrett: Douglas A. Starrett. Baadhi yenu mliposikia haya katika kikao cha Agosti mlihuzunika, na mmoja akasema kwamba basi familia imeshindwa. Sikubaliani naye. Waliuza kitu kizima chenye jina, mashine, mafundi na bei inayojulikana, tena kwa hiari yao. Kerezo la mzee wetu liliuzwa kwa kilo. Tofauti hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi mwaka huu.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja mbili, nanyi mtazipigia kura baada ya chai.

Ya kwanza, kila karakana mwanachama iwe na daftari la urithi. Liwe na orodha ya mashine na vifaa, bei ambayo fundi wa haki angevinunua, wateja wa kudumu, kazi ambazo ni mwenye karakana peke yake anayejua kuzifanya, na jina la atakayeshika usukani, awe mwana, binti au mwanagenzi. Nakala moja ibaki kwa katibu ndani ya bahasha iliyofungwa. Najua baadhi yetu tunaona kuandika hayo ni kama kujiitia mauti. Baba yangu alifikiri hivyo, na karakana yake ilitugharimu miaka ya ugomvi na kaka zangu.

Ya pili, chama kinunue seti moja ya vipande vya chuma vya kuhakikia vipimo, ipelekwe Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) ikahakikiwe, kisha itunzwe ofisini ili kila mwanachama alete maikromita na kalipa zake (vipimio vya taya mbili) kupimwa mara moja kwa mwaka. Mweka hazina ana bei tatu za kulinganisha.

Maikromita ya mzee imesafishwa na kutiwa mafuta. Mjukuu wake wa kike ameanza masomo ya ufundi mitambo Januari hii, na yuko hapa leo, safu ya tatu. Nitamkabidhi kabla ya kura. Tayari nimemfundisha kuisoma kwa inchi.