Barua kwa mnaosema "mimi mzima, sisikii chochote"

Marahaba, wanangu. Leo nawaandikia ninyi mlio kati ya miaka 30 na 50, umri ambao mtu huona hospitali ni ya wazee na watoto wachanga.

Nikiwauliza habari za afya mnanijibu, "Mzima, sisikii chochote." Jibu hilo hunikosesha raha. Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi. Sukari inaweza kukaa juu miaka kadhaa mtu asione kiu wala kuamka usiku kwenda haja ndogo. Lehemu (kolesteroli) ndiyo kabisa, hukaa damuni kimya. Mwili unavumilia, nanyi uvumilivu wake mnauita uzima.

Tena msiyatenganishe maradhi haya. Mafuta yanayojaa tumboni, kuzunguka ini na utumbo, humwaga damuni vitu vinavyoifanya insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, ibishe hodi isifunguliwe. Kongosho inaongeza insulini, inaongeza tena, mwisho inazidiwa, na hapo sukari inapanda. Insulini ikiwa nyingi, figo nazo hushikilia chumvi, presha ikapanda. Presha na sukari zikikutana huharibu ukuta wa ndani wa mishipa, lehemu ikapata pa kuganda. Figo zikichoka, presha inazidi. Ndiyo maana wengi wenye kisukari huondoka kwa moyo au kiharusi. Na kwa kuwa kisukari huharibu neva, mshtuko wa moyo unaweza kumpata mtu bila kifua kumuuma.

Wembamba msishangilie. Wapo wasio na kitambi na presha wanayo, hasa wavutaji sigara na wapenda chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, pamoja na ile iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Wengi wetu tunaipita kabla ya jioni.

Mnaoshinda kwenye viti nina habari zenu. Mwaka 1953 ulichapishwa utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa, walipata maradhi ya moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Mwaka 2002 wakaja watafiti wa Marekani na watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imekaribia kisukari. Kundi lililosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki, lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31. Dakika 150 si nyingi. Muda mnaoupoteza kwenye simu naufahamu.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni kuacha dawa. Mtu anameza, presha inashuka, anatangaza amepona. Imeshuka kwa sababu anameza! Dawa ikikuletea kikohozi au kuvimba miguu, mwambie daktari akubadilishie, zipo za aina nyingi. Usiiache kimyakimya, wala usiazime ya jirani.

Basi nendeni mkapime, mke na mume pamoja ikiwezekana, maana jiko lenu ni moja. Presha ikionekana 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni ya kutibiwa. Sukari ya kufunga, yaani inayopimwa kabla ya kula asubuhi, ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) hupimwa tena kuthibitisha kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado mna nafasi nzuri ya kuigeuza. Kabla ya kupima presha kaa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, na usiongee na muuguzi kipimo kikiwa mkononi. Namba iandike pamoja na tarehe, uende nayo kwa daktari.