Jino lililotoboka lisihukumiwe kung'olewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kampeni za afya ya kinywa zinazofanyika nchini kila inapokaribia Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Wananchi huhimizwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku, na wanafunzi hupimwa meno bila malipo. Hayo ni mema na wanaoyafanya wanastahili shukrani. Hata hivyo, mwananchi anayeambiwa siku hiyo kwamba jino lake limetoboka, anapokwenda kutafuta tiba karibu na nyumbani kwake, mara nyingi hukuta huduma moja tu, nayo ni kung'oa. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno. Naandika kwa sababu hali hiyo inaweza kubadilika kwa gharama ndogo, na kwa sababu utafiti uliothibitisha hivyo ulianzia hapa hapa Tanzania.

Katikati ya miaka ya 1980, mpango wa huduma za msingi za meno ulioendeshwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikutana na kikwazo ambacho kila mtumishi wa kijijini anakijua. Mashine ya kuchonga jino inataka umeme, maji na fundi wa kuitengeneza inapoharibika, na vijiji vingi havikuwa na lolote kati ya hayo. Mtaalamu Jo Frencken na wenzake wakaamua kujaribu kufanya kazi bila mashine kabisa. Walitumia vifaa vya mkono kukwangua sehemu iliyooza na kulainika, wakaacha sehemu iliyo ngumu chini yake, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya meno. Mara nyingi mgonjwa hakuhitaji hata sindano ya ganzi. Mbinu hiyo, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi ART, ilifanyiwa utafiti zaidi Thailand na Zimbabwe, na Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitambulisha kwa nchi zote. Leo inafundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno katika mabara yote, na inasikitisha kuona kwamba Mtanzania wa kijijini, ambaye ndiye aliyefikiriwa kwanza ilipobuniwa, bado anapoteza jino ambalo lingezibwa kwa muda usiozidi nusu saa.

Saruji inayotumika sasa katika kazi hiyo inaitwa glasi ayonoma, na ilibuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent. Ubora wake ni kwamba hushikamana na jino lenyewe bila kuhitaji tundu kuchongwa kwa umbo maalumu, na inaendelea kutoa floraidi, madini yanayoimarisha jino, kidogo kidogo baada ya kukauka. Wapo wanaodhani kuziba jino namna hii ni kumpa maskini tiba ya daraja la pili, nami nawaomba watazame matokeo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba katika meno ya ukubwani yaliyooza upande mmoja tu, takribani 80% ya vizibo hivyo vilikuwa bado vizuri baada ya miaka 5. Katika meno ya utotoni yaliyooza upande mmoja, vilivyodumu miaka 2 vilikuwa 93%. Jino la utotoni likiwa limeoza pande mbili au zaidi, kiwango hicho hushuka hadi 62%, na huo ni udhaifu ambao mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Aidha, jino ambalo uozo umefika kwenye mshipa wa fahamu ulio ndani yake na limeanza kutunga usaha haliponywi kwa mbinu hii. Hilo linahitaji tiba ya mzizi au, pale isipowezekana, kung'olewa. Ndiyo maana suala la muda ni la msingi sana: tundu dogo lililozibwa mwaka huu halitafika kwenye mshipa mwaka ujao.

Kuna dawa nyingine ambayo kwa maoni yangu haijapewa uzito unaostahili. Ni kimiminika chenye madini ya fedha na floraidi, kinachojulikana kama silva daiamini floraidi, ambacho kilianza kutumiwa nchini Japani zaidi ya miaka 50 iliyopita. Fedha huua bakteria waliomo katika tundu, na floraidi huimarisha sehemu ya jino iliyobaki. Tabibu hukausha jino kwa pamba, hupaka dawa kwa kijibrashi, na shughuli imekwisha kabla mtoto hajaanza kulia. Tone moja hutosha meno kadhaa. Tafiti zilizofanywa kwa watoto wa chekechea wa Hong Kong zimeonyesha kwamba dawa hii yenye nguvu ya 38%, ikipakwa mara mbili kwa mwaka, husimamisha uozo katika meno mengi zaidi kuliko ikipakwa mara moja. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika shule za msingi za New York, ambako dawa hii ililinganishwa na kuziba mianya na matundu ya meno kwa glasi ayonoma, na matokeo ya njia hizo mbili yalikaribiana sana. Jambo lililonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba wauguzi nao walishiriki kuipaka. Kwa nchi ambayo zahanati nyingi zina muuguzi lakini hazina daktari wa meno, habari hiyo ingepaswa kuwa imejadiliwa mpaka ngazi ya wilaya.

Dawa hiyo ina kasoro moja inayoonekana kwa macho. Sehemu ya jino iliyooza hugeuka kuwa nyeusi na hubaki hivyo. Mzazi lazima aambiwe kabla, aonyeshwe picha, kisha aachwe aamue mwenyewe. Uzoefu wangu ni kwamba mzazi ambaye mtoto wake amekuwa akikesha kwa maumivu hachelewi kuamua, hasa akielezwa kwamba meno ya utotoni yatang'oka yenyewe kwa wakati wake. Kwa meno ya mbele ya mtu mzima, ningekuwa wa kwanza kushauri njia nyingine.

Sasa nigusie floraidi yenyewe, kwa sababu hapa kuna mkanganyiko unaodhuru watu. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na kwingineko katika ukanda wa Bonde la Ufa, maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokunywa maji hayo wakati meno yao ya ukubwani yakiwa bado yanajengwa ndani ya taya huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa sana hata mifupa hupinda. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande nayo huongeza floraidi mwilini. Tatizo hilo ni la kweli, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimefanya kazi ya kuheshimika katika kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Ila madhara hayo yanatokana na floraidi inayomezwa kila siku kwa miaka mingi utotoni, na wazazi kadhaa, wakiwemo wanaoishi mbali kabisa na maeneo hayo, wamehitimisha kwamba dawa ya meno yenye floraidi ni sumu na wameiacha. Mapitio ya tafiti yanaonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kuoza kwa meno ya watoto kwa wastani wa 24%. Kinachotakiwa ni kipimo. Mtoto aliye chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, mzazi akisimamia ili povu litemwe lisimezwe. Mtu mzima naye ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Namna jino linavyooza inaeleza pia kwa nini mswaki peke yake hautoshi. Bakteria walio katika utando wa meno hula sukari na kutoa asidi, na kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kinapofika chini ya 5.5 hivi, madini ya tabaka la nje la jino huanza kuyeyuka. Mate huchukua kati ya nusu saa na saa moja kurejesha hali, kisha madini huanza kurudi. Anayekunywa chai ya sukari mara moja na mlo wake huyapa mate nafasi hiyo. Anayenyonya pipi asubuhi, akanywa soda saa nne na kula biskuti alasiri hayapi nafasi hata kidogo. Ushahidi wa kwanza ulio imara wa jambo hili ulitoka hospitali ya Vipeholm, nchini Sweden, katika miaka ya 1940 na 1950, na ninautaja kwa uzito, kwa kuwa ulipatikana kwa kuwalisha peremende za kunata watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuombwa ridhaa. Tusipoutumia kuwalinda watoto wa leo, mateso yao yatakuwa yamepotea bure.

Tofauti na kuoza ni kulika kwa meno, na hili naliona likiongezeka kwa vijana. Hapa hakuna bakteria wanaohitajika. Asidi ya kinywaji chenyewe huyeyusha jino moja kwa moja, na soda nyingi zina pH kati ya 2.5 na 3.5, ziwe na sukari au zisiwe nayo. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva wa bodaboda kutwa nzima viko katika kundi hilo hilo, pamoja na ndimu na ukwaju vinaponyonywa kwa muda mrefu, na tindikali ya tumboni inayopanda kwa wenye kiungulia au wajawazito wanaotapika. Jino huwa jembamba, la manjano na lenye ganzi kwa maji baridi, na sehemu iliyokwisha kulika haioti tena. Mwenye kutapika asukutue kwa maji kwanza na asikimbilie mswaki papo hapo. Utafiti umeonyesha kwamba dawa ya meno yenye floraidi iliyounganishwa na madini ya bati hupunguza kasi ya kulika, lakini hakuna dawa itakayoshinda chupa 3 za kinywaji kikali kila siku.

Kwa hayo yote, naiomba Wizara ya Afya na Ofisi ya Rais TAMISEMI wayatazame mambo ya kitabibu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ayonoma na silva daiamini floraidi, pamoja na bidhaa za floraidi zikiwemo dawa za meno, katika orodha yake ya dawa muhimu. Bohari ya Dawa izisambaze hadi vituo vya afya kama inavyosambaza dawa za malaria, na zisiishie hospitali za rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inatupa fursa ya kuhakikisha kitita cha mafao kinalipia kuziba jino mapema, kwa kuwa mwananchi akilipiwa kung'oa pekee atasubiri mpaka jino liume. Wauguzi na matabibu wa zahanati wanaweza kufundishwa kupaka silva daiamini floraidi na kumtambua mgonjwa wa kupewa rufaa. Shule zinazotoa uji zinaweza kuongeza dakika chache za kupiga mswaki kwa pamoja chini ya uangalizi wa mwalimu, kama zinavyofanya shule za awali za Uskoti.

Na kila halmashauri, inapoandika taarifa yake ya mwaka ya afya, iweke bayana idadi ya meno yaliyozibwa kando ya idadi ya yaliyong'olewa, ili madiwani waweze kuhoji bajeti ya mwaka unaofuata wakiwa na takwimu hizo mbili mkononi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Tabibu wa kinywa na meno,
Morogoro.