Chumvi yenye madini joto isiachwe juani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie iodini, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la madini joto, kwa kuwa tunaigharamia kiwandani itiwe kwenye chumvi, kisha tunaiacha ipotee sokoni.

Elementi hii ya kundi la halojeni, jamii moja na klorini, iligunduliwa mwaka 1811 na Bernard Courtois, mtengenezaji wa shura, chumvi ya kutengenezea baruti, nchini Ufaransa, wakati ambapo vita vya Napoleon vilihitaji baruti kwa wingi. Badala ya majivu ya kuni alitumia majivu ya mwani, na siku moja, alipoyatia asidi ya sulfuriki kupita kiasi, ulifuka mvuke wa zambarau ambao ulipogusa mahali pa baridi uliganda na kuwa fuwele nyeusi zinazong'aa. Alihisi kwamba amepata kitu kipya, lakini hakuwa na fedha za kuendelea na uchunguzi, akawapa wenzake sampuli. Wanakemia Gay-Lussac wa Ufaransa na Davy wa Uingereza ndio waliothibitisha kuwa ni elementi. Courtois alifariki maskini mwaka 1838, jambo ambalo huniuma kila ninapolifundisha.

Mwaka 1820 Coindet, daktari wa Geneva, alianza kuitumia kutibu rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 tu kwa siku na mjamzito 250, lakini kiasi hicho kidogo kikikosekana, tezi ya shingo huvimba, na mtoto aliye tumboni anaweza kudumaa akili kwa maisha yake yote.

Chumvi yetu hutiwa iodini katika umbo la iodeti ya potasiamu kwa sababu hustahimili joto na unyevu kuliko iodidi, umbo lake jingine, ila nayo ina kikomo. Bado naona magunia yaliyofunguliwa mbele ya maduka, yamewekwa moja kwa moja juu ya udongo, chumvi imelowa hadi maji yanachuruzika pembeni, kisha mteja anapimiwa kwa kopo. Maji yale huondoka na iodini.

Nawaomba maofisa afya wa kata, wanapokagua maduka, waangalie pia chumvi inavyohifadhiwa, na wenye maduka waiweke ndani, juu ya mbao, mifuko ikiwa imefungwa. Nyumbani itiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na iongezwe chakula kinapokaribia kuiva.

Mwalimu wa Kemia,
Njombe