Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhifadhi Masimulizi ya Wadusun kwa Njia za Kidijitali

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu hapa Sabah, jimbo la Malaysia kisiwani Borneo, kwa mwaka unaomalizika. Muda wetu mwingi ulitumika kurekodi tangon, hadithi za jadi za Wadusun, wenyeji wa asili wa Sabah, kutoka kwa wazee walioridhia sauti na picha zao zihifadhiwe.

Wasimulizi wa wilaya za Ranau na Tambunan walitupatia habari za Nunuk Ragang, kwenye makutano ya mito ya Liwagu na Gelibang, panapotajwa kuwa chimbuko la watu wetu, na habari za Mlima Kinabalu, wenye kimo cha mita 4,095, ambako roho za marehemu huaminiwa kwenda kupumzika. Hadithi ya Huminodun, inayokumbukwa kila mwezi Mei katika sikukuu ya mavuno ya Kaamatan, ndiyo iliyozua mjadala mrefu. Wasimulizi wetu walikubaliana kwamba Kinoingan, mungu muumbaji, alimtoa binti yake Huminodun kafara wakati wa njaa na mwili wake ukazaa mpunga. Lakini mmoja huongeza mnazi uliotoka kichwani na mahindi yaliyotoka menoni, na mwingine hayataji kabisa. Baadhi yenu mlipendekeza litungwe toleo moja kwa ajili ya video fupi za watoto. Kamati haikuafiki, kwa kuwa toleo hilo likishaenea katika simu za vijana litageuka kipimo cha kuwasahihishia babu na bibi zao. Tutayaweka matoleo yote, kila moja likiwa na jina la kijiji lilikosimuliwa.

Msimamo wetu kuhusu lahaja ni huohuo. Lugha sanifu ya Kikadazandusun, ya pamoja kwa Wadusun na jamaa zao Wakadazan, iliyojengwa juu ya lahaja ya Bundu-Liwan kwa makubaliano ya mwaka 1995 na kuanza kufundishwa shuleni mwaka 1997, tunaiheshimu. Hata hivyo manukuu yataandikwa kama msimulizi alivyotamka, na tafsiri ya Kimalay itawekwa kando.

Rinait ni jambo jingine. Maombi haya marefu, yanayohifadhiwa kichwani na bobolian, makuhani wetu wa jadi, si burudani, na kuyarusha mitandaoni bila ridhaa yao ni kuwavunjia heshima. Kamati inapendekeza yarekodiwe pale tu bobolian mwenyewe anapotaka, na yasikilizwe kwa ruhusa yake au ya mrithi aliyemteua.

Kanda za zamani za kaseti tunaendelea kuzihamishia kwenye kompyuta, tukianza na zilizoshambuliwa na ukungu, maana unyevu wa Borneo hauzihurumii. Niwakumbushe kwamba video iliyopandishwa kwenye mtandao wa kijamii haijahifadhiwa: ubora wake hupunguzwa, na kampuni inaweza kuiondoa wakati wowote. Faili asilia zitunzwe katika nakala tatu, mojawapo ikiwa nje ya jengo letu.

Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina. Kabla ya hapo, ninaomba mkutano upigie kura pendekezo la rinait, na kila tawi liteue kijana mmoja wa kujifunza kunukuu, kwa sababu rekodi zinaongezeka haraka kuliko waandishi tulio nao.