Barua kwa Mama na Kaka: kwa nini bado sijajenga

Leicester, Uingereza

Mama, shikamoo. Kaka na Dada, shikamooni. Shikamoo za wapwa zangu nimezipokea zote, marahaba. Mimi mzima. Baridi bado kali, ila Ramadhani i karibu na moyo umeshaanza kuchangamka.

Kaka, swali lako la kununua kiwanja cha pili huko Pongwe, Tanga, limenifikia, na lile lililojificha nyuma yake nalo limenifikia: kijana yuko Uingereza miaka yote hii, anaendesha basi, hata msingi hajachimba, hela anapeleka wapi? Najua huulizi peke yako. Barazani wanauliza, na Mama anaulizwa akienda arusini. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nitaanza kujitetea, na wewe utaanza kucheka.

Hesabu ni hii. Mshahara ukishakatwa kodi, bima ya taifa na mchango wa uzeeni, mkononi zinanifikia kama paundi 2,100 kwa mwezi. Chumba, pamoja na umeme, maji na intaneti, ni 520. Nasema chumba, si nyumba: tuko wanne, jiko moja, na mwenzetu mmoja Mpolandi anapika kabichi siku zote kama vile hakuna mboga nyingine duniani. Chakula 220. Nauli silipi, dereva hupanda bure. Za nyumbani 250, hizo mnazijua. Nguo, simu, kinyozi na vijambo vingine 100. Halafu kuna 150 za kujifurahisha, ambazo nitazieleza maana hazina aibu. Zinazobaki zinapita kidogo 850. Katika hizo, 600 ni akiba isiyoguswa, na nyingine ni za dharura na tiketi ya kuja Tanga.

Hizo mia sita zinaingia kwenye akaunti inayoitwa ISA. Serikali ya hapa iliianzisha mwaka 1999 ili watu wa kawaida waweke akiba, na faida yake haikatwi kodi. Mwisho wa kuweka ni paundi 20,000 kwa mwaka, na mimi kiwango hicho nakiona kwa mbali tu. Ndani ya akaunti hiyo nanunua mfuko wa hisa.

Mama, umeniuliza zaidi ya mara moja kama humo mna riba. Simkopeshi mtu, Mama. Nanunua umiliki: kila mwezi kijisehemu cha makampuni makubwa ya dunia kama mia moja hivi, yakishatolewa mabenki, pombe, kamari na nguruwe. Wakipata, nimepata, wakipata hasara, nami nimo. Mchango wa uzeeni nao niliujazia fomu uhamie kwenye mfuko wa sharia, maana usiposema kitu wanakuchagulia wao. Zaka naipiga kila Ramadhani, na imamu wa msikiti wetu hunisaidia kwenye hesabu ya hisa.

Hasara ipo, sitakuficheni. Korona ilipoingia mwaka 2020, hisa za dunia zilianguka zaidi ya robo ndani ya wiki chache. Aliyeuza siku ile kwa hofu alipoteza kweli. Aliyenyamaza na kuendelea kununua aliziona zikirudi. Kwa hiyo pesa ya ada au ya hospitali haifai kukaa humo hata siku moja. Humo inakaa ile tu ambayo sitaihitaji kwa miaka mingi.

Sasa naweka akiba ya nini? Kaka, si ya kurudi na gari. Nataka nifike mahali ambapo kazi naifanya kwa kupenda. Nikiamka nikasema leo siendi, wali uive vilevile na mtoto wa mtu asirudishwe nyumbani kwa kukosa ada.

Mahali hapo pana hesabu yake. Mwaka 1994 mshauri mmoja wa fedha wa Marekani, William Bengen, alizipitia takwimu za hisa na hatifungani za kwao (yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa watu na kuilipia riba) tangu 1926. Akaona kwamba mstaafu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akaongeza kulingana na kupanda kwa bei, akiba hiyo ingemtosha walau miaka 30. Igeuze: unahitaji mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Mimi nazidisha kwa 30, kwa sababu shilingi si dola, na pia sina miadi na Izraili baada ya miaka 30. Nimepiga hesabu kwamba Tanga nikiwa na milioni moja na nusu kwa mwezi naishi vizuri na nasaidia. Hiyo ni milioni 18 kwa mwaka. Mara 30, milioni 540. Kwa paundi inayovuka shilingi 3,000, hazifiki paundi 180,000.

Usishtuke. Mia sita kwa mwezi chini ya godoro ingenichukua miaka 25 kuzifikia. Hisa zikikua asilimia 5 kwa mwaka juu ya kupanda kwa bei, ni kama miaka 16. Zikikua kidogo, itakuwa katikati ya hapo. Hakuna aliyenipa hakikisho, na anayetoa hakikisho mkimbieni, hasa wale wa kwenye WhatsApp wanaoahidi pesa kuzaa mara mbili kwa mwezi.

Mtasema si kuna pensheni ya serikali? Ipo. Ukichangia ile bima ya taifa miaka 10 unapata sehemu, miaka 35 unapata yote. Ila inaanza baada ya umri wa miaka 66, na kwa rika langu sheria imeshaisogeza mbele zaidi. Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hapa hatulijui: ukihamia Tanzania, kiasi utakachoanza nacho ndicho hichohicho mpaka unazikwa. Wanaobaki Uingereza wanaongezewa kila mwaka, wewe hapana. Kwa hiyo naichangia, lakini siitegemei. Na ule mchango wa uzeeni wa kazini hauguswi kabla ya miaka 57, kuanzia 2028. ISA ndiyo itakayonivusha hapo katikati.

Turudi kwenye nyumba. Barabara ya Belgrave hapa Leicester ina mzee wa duka la viungo, Mhindi aliyezaliwa Kampala. Kiswahili chake kimechakaa kidogo lakini matusi yake bado mapya kabisa. Nikiingia kununua muhogo na iliki ananiuliza habari za Tanga kama mtu aliyepita hapo jana. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 kuondoka Uganda. Halmashauri ya Leicester ikatoa hadi tangazo kwenye gazeti la Kampala kuwaambia wasije huku, na wakaja. Familia yake ilikuwa na maduka na majumba, na vyote vilibaki. Aliniambia alichoumia nacho si utajiri kupotea, bali kwamba wote, baba na ndugu zake, walikuwa wameweka kila kitu kwenye mtaa mmoja wa mji mmoja.

Sisemi Tanga itakuwa Kampala ya Amin. Nasema nikiweka kila paundi kwenye saruji na nondo za Pongwe, basi mvua ya Pongwe, fundi wa Pongwe na kesi ya mpaka ya Pongwe ndiyo maisha yangu yote. Na nyumba ya mtu aliye mbali, wewe mwenyewe unaijua: ina walinzi wa kulipwa na wapangaji wasiolipa. Kituoni kwetu kuna jamaa wa Mombasa ana ghorofa moja zuri sana huko kwao, picha zake zimejaa kwenye simu. Anachukua kila zamu ya ziada, Ijumaa, Jumapili, usiku, anakula mkate na maharage ya kopo. Ndugu wanakaa humo bure na bado anatumiwa bili ya maji. Ni mtu mwema, na sijui kama amewahi kulala mle ndani.

Mimi zamu ya ziada ya Jumamosi nakataa, hata ikilipa vizuri. Jumamosi ni yangu. Ndiyo hiyo 150, Mama, na zinatosha sana. Bradgate Park haina kiingilio: kuna kulungu wanaotembea mbele yako bila wasiwasi, na magofu ya nyumba ya kina Lady Jane Grey, yule binti aliyetawala Uingereza siku tisa. Tunakwenda na wenzangu wa Lamu na Bujumbura, tumebeba pilau kwenye hotipoti, Waingereza wanapita wanavuta pua. Leicester City ikicheza, nakwenda kwa rafiki mwenye televisheni kubwa, nachangia samosa. Maktaba ni bure. Jioni maduka makubwa hubandika karatasi ya njano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe, na kuku wa bei ya njano akiingia kwenye mchuzi wa nazi hajui alinunuliwaje. Koti langu mnalolisifu kwenye picha nilinunua duka la mitumba la hisani, na sikuwaambia kwa sababu mlikuwa mnalisifu vizuri.

Hata tiketi ya kuja nyumbani naihesabu kama tumizi la lazima, sawa na kodi ya chumba. Kuna watu hapa wamekusanya hela nyingi kuliko mimi na wazazi wao wamezikwa wakiwa hawajaonana miaka kumi. Akiba ya namna hiyo siitaki.

Kwa hiyo, Kaka, kiwanja cha pili hapana, angalau si kwa sasa. Mtu akikuuliza, mwambie mdogo wako anajenga, ila haonyeshi. Ukiona ni uongo, mwambie ni bahili, nitavumilia.

Bati za nyumba ya Mama ni jambo lingine, hizo nazitoa kwenye fungu la dharura. Nitumie idadi na bei kutoka maduka mawili tofauti, si kwa fundi peke yake, na mapema ili tupaue kabla masika hayajashika. Ada ya mtoto wa Dada naituma moja kwa moja shuleni kama mwaka jana.

Dada, vikoba endelea navyo, kwa sababu mnafahamiana na mnasaidiana msibani. Kuhusu vipande ulivyoniuliza vya UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya kwetu inayokusanya pesa za watu na kuziwekeza: unaweza kununua kwa simu kidogo kidogo, na Mfuko wao wa Umoja umekuwepo tangu 2005. Lakini ndani yake mna hatifungani pamoja na hisa, kwa hiyo zungumza na sheikh kwanza kama jambo la riba linakusumbua. Na ukifungua, fungua kwa jina lako. Shemeji asinichukie.

Mama, dawa ya presha usiiache hata ukijisikia vizuri. Zile soksi za sufu nilizotuma ni za miguu yako, si za kumpa mgeni.

Wasalaam,
Mwanao, na mdogo wenu, wa Leicester