Kondoo na sola Hombolo: barua kwa Yohana

Ihumwa, Dodoma
14 Septemba 2025

Ndugu yangu Yohana,

Mbukwa! Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia kwamba kikundi chenu cha zabibu kimekubaliana kuweka paneli 80 za wati 550 kwa ajili ya pampu na mashine ya kusaga kwenye zile ekari 3 za Hombolo, na kwamba hamtaki kuwafukuza kondoo. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Umeniuliza urefu wa nguzo, idadi ya kondoo, nyaya na vumbi. Yote nitayajibu, ila nianze na swali ambalo hukuliuliza: hao kondoo watalala wapi mchana?

Mwezi wa tisa na wa kumi, jua likiwa utosini na shamba halina mti, kondoo wote 30 watajazana chini ya safu moja au mbili za paneli na kucheua hapo tangu saa tano hadi saa kumi. Baada ya wiki tatu majani ya mahali pale yamekwisha, udongo umekuwa unga, na kila upepo ukivuma unga ule unapanda juu ya vioo. Mkojo unakula zinki ya nguzo pale zinapotokea ardhini. Masika ikifika, samadi iliyolundikana kivulini inabaki na unyevu, na wanakondoo wanaokota minyoo na kuharisha damu. Wenye mitambo hulaumu kondoo, nao wafugaji hulaumu mitambo, kumbe kivuli kiliwekwa mahali pamoja tu.

Kwa hiyo kabla hamjanunua hata boliti, tafuteni kivuli cha pili. Kama kuna migunga upande wa kusini wa eneo, iacheni. Hapa kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la Juni liko kaskazini, kwa hiyo mti ulio kusini unatupa kivuli chake mbali na paneli. Desemba jua likihamia kusini, kivuli cha adhuhuri huwa kifupi sana. Mti ukae mita 15 au zaidi kutoka safu ya mwisho. Kama hakuna mti, ezekeni banda la mabua ya mtama lenye mita za mraba 40, linawatosha 30. Hori la maji na jiwe la chumvi viwekwe hukohuko, kamwe visikae kati ya safu. Kondoo waingie kwenye paneli saa moja asubuhi, watoke saa nne. Usiku wasibaki humo.

Sasa idadi. Usiikisie kwa macho. Mwishoni mwa Aprili chukua fremu ya mita moja kwa mita moja, itupe mahali kumi, kata majani yaliyomo, yakaushe, upime. Ukipata wastani wa gramu 150, hiyo ni kama kilo 600 kwa ekari, yaani kilo 1,800 kwa ekari zako 3. Nusu yake ni ya kondoo, nusu ni ya ardhi: mizizi, mbegu, na kifuniko cha udongo. Zinabaki kilo 900. Kondoo wetu wa mkia mnene mwenye kilo 30 anakula karibu kilo 0.9 ya majani makavu kwa siku, kwa hiyo 30 wanakula kilo 27. Gawanya: siku 33. Basi. Kundi lako lina chakula cha mwezi mmoja na siku chache kwa mwaka mzima humo ndani, na zilizobaki watakula mabua ya mtama na malisho ya nje kama siku zote. Ukiambiwa kwamba eneo la sola litakulishia kundi lote mwaka mzima, hiyo hesabu haipo.

Siku hizo 33 zigawe. Gawa ekari 3 katika vitalu vinne, kimoja kikiwa kile cha paneli, na kila kitalu kipate mapumziko ya wiki sita au zaidi wakati wa mvua. Kitalu cha paneli kilishwe mara mbili: Machi, nyasi zikianza kufikia magoti, halafu Juni kabla hazijawa fueli ya moto. Majani yakibaki urefu wa kiganja, ondoa kundi. Hesabu ya kulaza ardhi unaijua. Ni ileile ya ngitili za Wasukuma, yale malisho yanayofungwa kwa muda ili nyasi zipumzike. Na sisi wa Dodoma tumeshaona mwisho wa kutoilaza: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na kufikia 1979 mifugo ililazimika kuondolewa kabisa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyochimbika makorongo.

Kuhusu hofu ya wenzako kwamba majani ya kivulini hayana nguvu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, katika matokeo ya 2021, walipata majani pungufu kwa asilimia 38 kwenye malisho yenye paneli, lakini wanakondoo walikua sawa na wale wa malisho ya wazi, kwa sababu majani ya kivulini yalikuwa laini na bora zaidi. Kule mvua si haba kama kwetu, kwa hiyo usiinakili namba. Chukua funzo la ubora tu. Mkitaka kupanda nyasi, pandeni Cenchrus ciliaris, ileile inayopandwa Kongwa. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kwa sababu zina manyoya na hazimwagiki sawasawa. Zitawanye mwishoni mwa Novemba, zikanyagwe bila kufukiwa zaidi ya sentimita moja. Msimu wa kwanza msilishe mpaka zidondoshe mbegu.

Mbuzi hapana. Mbuzi anapanda juu ya kioo, anatafuna waya, anasimama kwa miguu miwili kufikia chochote. Hata mmoja wa mgeni asiingie. Gharama yake ni kwamba kondoo hali sana miche ya migunga kama mbuzi, kwa hiyo ile miche utaing'oa kwa mkono kila Mei.

Kwenye chuma. Paneli zitazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10. Nyuzi 6 zingetosha kwa jua, lakini chini ya 10 vumbi na maji hukwama kwenye ukingo wa fremu. Mafundi wengine huzigeuza kusini kwa kufuata vitabu vya Ulaya. Simama hapo na dira. Ukingo wa chini uwe mita 1 kutoka ardhini. Kondoo wetu mabegani hafiki sentimita 75, kwa hiyo anapita bila kusugua mgongo kwenye fremu. Kwa paneli yenye urefu wa mita 2.28, ukingo wa juu utafika mita 1.4, na mtu mwenye ufagio mrefu anasafisha akiwa chini. Ng'ombe angehitaji mita 2.5 na chuma kingi zaidi, msijaribu.

Pangeni safu 5, kila moja paneli 16, yaani mita 18.5. Toka safu hadi safu mita 6, ili kati yake ubaki uwazi wa mita 3.7, mkokoteni wa punda upite. Pamoja na mkanda wa kuzuia moto wa mita 5 pande zote, mtambo mzima unakula kama robo ekari. Kila safu ina jozi 8 za nguzo za bomba la chuma lililopakwa zinki, inchi 2.5. Jumla nguzo 80. Shimo sentimita 30 kwa 30, kina 80, zege ya 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Saruji itakwenda mifuko 37 hivi, nunueni 40. Kola ya zege ipande sentimita 10 juu ya ardhi ikiwa imeinamishwa kama paa, kisha paka lami kwenye bomba sentimita 30 juu ya kola. Hapo ndipo mkojo unapopiga. Miti msitumie, mchwa wa Hombolo unawajua.

Jambo moja la ardhi: kama kona ya chini ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, usiweke nguzo pale. Unavimba masika na kunyanyua zege, safu inapinda, kioo kinapasuka pembeni. Sogeeni kwenye udongo mwekundu hata kama waya utarefuka.

Nyaya ndipo watu wanapokufa, kwa hiyo nivumilie. Paneli ya wati 550 ina volti karibu 49.8 ikiwa haijabeba mzigo. Kumi na sita zikiunganishwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, ni volti 797. Asubuhi ya Julai yenye nyuzijoto 13 inaongezeka kama asilimia 3 na kufika 822. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu, iwe ya kikomo cha volti 1,000 au zaidi. Inveta nyingi za pampu ndogo zina kikomo cha 450 na zitaungua siku ya kwanza. Soma kibandiko chake mwenyewe. Kila safu iwe mfululizo mmoja, usichanganye safu mbili. Ikiharibika utajua ni ipi.

Swichi na breka za upande wa paneli ziwe za DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu kama unaotoka kwenye paneli. Umeme wa kawaida wa nyumbani hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa DC haushuki. Ukikata kwa breka ya nyumbani, cheche inaendelea kuwaka ndani mpaka plastiki iyeyuke, na penye nyasi kavu za Septemba hiyo ni moto wa shamba zima. Vilevile usitenganishe konekta za MC4, zile zinazounganisha nyaya za paneli, jua likiwa linapiga na mzigo ukiwa umewashwa. Na usioanishe konekta za kampuni mbili tofauti hata zikiingiana, kwani hazishikani vizuri, zinapata joto, zinayeyuka.

Waya wa sola milimita 6 za mraba unatosha. Kwa mita 50 kwenda na 50 kurudi utapoteza kama volti 4 hadi 5 kwa ampea 13, si kitu. Chini ya paneli ufungwe juu kwenye chuma kwa vibana vya chuma kisichoshika kutu, usining'inie hata sentimita 10. Vibana vya plastiki hukakamaa kwa jua na kukatika, waya unashuka mpaka usawa wa mdomo. Ukishuka ardhini upite ndani ya bomba la chuma tangu mita 1.2, kisha kwenye konduti (bomba la kupitishia nyaya) iliyofukiwa sentimita 60. Ziba ncha za konduti kwa wavu, panya wasiingie. Inveta ikae kwenye boksi la chuma, mita 1.5 juu, upande wenye kivuli, nje ya uzio wa kondoo, kwa kuwa dume likiwashwa ngozi litasugua chochote. Fremu zote ziunganishwe na fimbo ya shaba iliyozama mita 1.5, mbali na hori la maji. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Akimaliza, tembeeni mstari kwa mstari mkiokota vipande vya waya, skrubu na plastiki; kondoo humeza.

Vumbi na mvua niyaweke pamoja, maana moja ni dawa ya jingine. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Ukioshea paneli na kuyaacha yakauke, utaona utando mweupe ambao baada ya miezi hauondoki kwa kitambaa. Oshea maji ya mvua. Mvua ya milimita 40 kwa mpigo mmoja inamwaga lita 1,600 kutoka safu moja, karibu lita 90 kwa kila mita ya ukingo. Zisipopokelewa zinachimba mfereji. Funga gata kwenye ukingo wa chini wa safu moja tu, ielekee kwenye simtanki la lita 5,000. Kusafisha paneli zote kunataka lita 2 kwa kila paneli, lita 160 kwa mara, kila wiki mbili kuanzia Mei hadi Novemba; haizidi lita 2,600. Zinazobaki ni za wanakondoo. Safu nne zilizobaki zitandikwe kokoto kubwa upana wa nusu mita chini ya ukingo. Osheni alfajiri, kioo kikiwa baridi. Maji ya baridi kwenye kioo cha saa saba yanaweza kukipasua.

Nyasi zikifunika ukingo wa chini, nusu ya umeme wa paneli ile au zaidi inaondoka, na safu nzima inaweza kulegea. Ndiyo sababu ya kondoo wa Machi. Mashine ya kukata nyasi hurusha mawe kwenye vioo, na fyekeo hukutana na waya. Mdomo wa kondoo hauna madhara hayo.

Ikiwa pampu inavuta kisima kirefu, kibali cha kutumia maji ni cha Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, anzeni mapema.

Naomba uchimbe shimo la kina cha mita moja kwenye zile kona nne, uniandikie rangi ya udongo kila baada ya sentimita 20. Pia niambie miti iliyosimama upande wa kusini ni mingapi. Nikipata hayo nitakuchorea ramani ya safu na vitalu kabla mvua hazijaanza. Wasalimie mama watoto na wazee wa kikundi.

Ndimi rafiki yako,
Elia